Mtoto Hasikii

Katika lugha yetu neno kusikia limebebeshwa mizigo mingi. Tunasikia sauti, tunasikia njaa, tunasikia baridi na uchungu. Na mtoto anayetumwa dukani akaishia kucheza mpira, mama yake humwambia jirani, "Huyu mtoto hasikii," wala jirani hafikirii hata kidogo kwamba masikio ya mtoto yana ugonjwa. Tunaanza na neno hili kwa sababu lilitutega. Mwalimu wa shule ya msingi alipotuma ujumbe kwamba binti mmoja wa usharika wetu siku hizi hasikii darasani, mama yake alilielewa neno hilo kwa maana ya utundu. Baba akalielewa vivyo hivyo. Na sisi mchungaji wake, tulipoelezwa, tukatikisa kichwa na kusema ni umri. Ilichukua miezi saba kabla hatujatambua kwamba mwalimu, pengine bila kujua mwenyewe, alikuwa amesema kweli kwa maana ile ya kwanza kabisa.

Binti huyo alizaliwa hasikii. Mwaka 2014, akiwa na miaka mitatu, alipelekwa India kupandikizwa kifaa cha usikivu katika sikio la kulia. Wakati ule upasuaji huo ulikuwa bado haufanyiki katika hospitali za umma nchini. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kuutoa mwaka 2017. Kwa hiyo usharika ulichanga. Wanaoujua mnada wa sadaka baada ya ibada wataelewa tukisema kwamba jogoo mmoja aliuzwa mara nne Jumapili ile, kwa maana kila aliyemnunua alimrudisha mezani auzwe tena. Wamama wa jumuiya walileta mikungu ya ndizi. Mzee mmoja aliyekuwa hajulikani kwa ukarimu alitoa mbuzi, jambo ambalo linazungumzwa mpaka leo.

Kifaa hiki ni tofauti na vile vya kuongeza sauti ambavyo wazee wengi huvaa. Kina sehemu mbili. Ya nje hukaa nyuma ya sikio, hupokea sauti na kuigeuza kuwa mpangilio wa ishara za umeme. Ya ndani hulazwa chini ya ngozi, na kutoka kwake uzi mwembamba wenye elektrodi huingizwa katika ile sehemu ya sikio iliyojikunja kama konokono. Hapo umeme mdogo huamsha mshipa wa fahamu unaopeleka habari kwenye ubongo. Anachopata mtoto mwanzoni ni mdundo wa umeme ambao ubongo wake hauna budi kujifunza kuusoma, kama sisi tulivyojifunza kusoma herufi. Profesa Graeme Clark wa Melbourne, ambaye timu yake ilimpandikiza mgonjwa wa kwanza kifaa chao chenye elektrodi nyingi mwaka 1978, alikuwa mtoto wa mfamasia mwenye tatizo la kusikia. Tunalitaja hilo kwa kupita tu, kwa kuwa linatukumbusha kwamba kazi hii ilianzia nyumbani kwa mtu.

Baada ya mwaka mzima wa mazoezi, mama yake alimsimamisha mbele ya kanisa, akaenda nyuma yake hatua kumi, akamwita jina. Mtoto akageuka. Vigelegele vilivyopigwa siku ile hatujavisikia tena hata kwenye harusi. Tulihubiri Injili ya Marko sura ya 7, habari ya kiziwi na neno lile la Bwana, Efatha. Tulisema, na maneno yetu yamo bado katika daftari letu la mahubiri, kwamba Mungu amefungua masikio ya mtoto huyu. Hakuna aliyetudai cheti cha daktari wala aliyeuliza amesikia nini hasa, kwa kiasi gani, na je, angegeuka kama kanisa lingekuwa na kelele. Mtoto aligeuka, nasi tukaamini.

Sasa twende mwaka 2023. Binti ana miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita na mwaka wa kwanza wa mafundisho ya kipaimara. Alianza kulalamika kwamba sauti inakatika. Alisema ni kama redio ambayo betri zake zinaisha. Siku nyingine kulikuwa na milio ndani ya kichwa, kama mafuta yanayokaangwa. Siku nyingine hali ilikuwa nzuri kabisa, na siku hizo nzuri ndizo zilizomponza, maana watu walisema, "Mbona jana ulisikia?" Akaanza kuvua kile kifaa cha nje na kukitia kwenye begi. Alama zake zikashuka. Mwinjilisti akaripoti kwamba wakati wa mafundisho anakaa nyuma na kuchora.

Tukamwita ofisini. Alipiga goti kidogo, "Shikamoo Baba Mchungaji." Tukaitikia, "Marahaba mwanangu," kisha tukamketisha na kuanza kumweleza habari za shukrani. Tulimkumbusha yule jogoo na mikungu ya ndizi. Tulimwambia kwamba kukivua kifaa kile ni kuwavunja moyo watu waliomchangia na kumsikitisha Mungu aliyemfungua masikio. Alituacha tumalize.

"Baba Mchungaji," akasema, "sisikii vizuri."

"Lakini sasa hivi si umenijibu?"

"Naangalia mdomo."

Hatukumwamini. Tunaliandika hili katika kitabu kitakachosomwa na watu wanaotufahamu, kwa sababu bila hilo insha hii haina maana.

Wazazi, kwa heshima yao, walifanya zaidi yetu. Walimpeleka Dar es Salaam. Wataalamu wakabadilisha waya, wakabadilisha sumaku ya nje, wakajaribu kifaa cha nje kingine kabisa. Kisha wakaunganisha kompyuta na kupima kifaa cha ndani, elektrodi moja baada ya nyingine. Zote zikajibu. Jibu likaja usharikani kabla hata basi halijawafikisha nyumbani: kifaa ni kizima. Basi kukawa na mashahidi wawili, mashine na mtoto, na kanisa zima likajua ni nani mwongo.

Hapa inabidi tueleze jambo tulilokuja kuelezwa baadaye na mtaalamu wa usikivu mwenye subira kubwa. Kifaa cha ndani chaweza kuharibika kwa namna mbili. Ya kwanza ni ya wazi: kinakufa, mtoto hasikii chochote, kompyuta haipati mawasiliano, na kila mtu anakubali. Ya pili imejificha. Kifaa kinawasiliana na vipimo vinaonyesha kawaida, ila mtu mwenyewe anasema sauti imepotoka, imepungua, inauma au inakuja na kuondoka. Wataalamu hukagua kwanza kila kitu cha nje, hupiga picha, hutafuta ugonjwa wa sikio lenyewe. Wasipopata sababu nyingine, wanabaki na shaka. Na shaka hiyo, akatuambia, mara nyingi haithibitiki mpaka kifaa kitolewe, kingine kiwekwe, na mtu asikie tena. Ushahidi unapatikana baada ya kisu.

Tulirudi nyumbani na sentensi ile na tukashindwa kuandaa mahubiri ya wiki hiyo. Kwa maana inasema kwamba katika jambo hili yupo mtu lazima amwamini mtoto kwanza, kinyume cha kompyuta, kiasi cha kukubali afunguliwe tena nyuma ya sikio. Mtu huyo akingoja uthibitisho, atangoja milele, na wakati anangoja mtoto anakua bila kusikia. Sisi ambao kazi yetu ni kuwaambia watu kila Jumapili waamini yasiyoonekana, tulikuwa tumesimama upande wa mashine.

Na swali likazidi kutuuma: mbona mwaka ule wa vigelegele hatukutaka kipimo? Mtoto yule yule na sikio lile lile. Aliposema kwa kugeuka kichwa kwamba anasikia, neno lake lilitosha kuwa ushuhuda madhabahuni. Aliposema kwa kinywa chake kwamba hasikii, tukadai vyeti. Tunadhani jambo hili ni pana kuliko masikio. Katika sharika zetu anayesema "Nimepona" hupewa kipaza sauti. Anayesema "Ilirudi" hupewa ushauri nasaha. Ndugu aliyeacha pombe hushuhudia mwezi wa tatu. Akianguka mwezi wa nane, anakaa nyumbani, kwa kuwa hakuna kipengele katika ibada cha kusema hivyo. Tumejenga mahali ambapo habari njema haichunguzwi na habari mbaya ni kosa la mwenye nayo.

Mwanzoni tulifikiri tatizo letu ni la theolojia ya uponyaji: je, Mungu alitoa kisha akanyang'anya? Mzee mmoja wa kanisa alituambia hivyo hivyo, "Baba Mchungaji, Mungu hafanyi kazi nusu." Tukamsomea Marko 8, habari ya kipofu wa Bethsaida, ambaye Bwana alimwekea mikono mara mbili. Mzee alisikiliza, akasema hiyo ilikuwa siku moja na huyu binti ni miaka tisa. Hakukosea kuhesabu. Lakini tulipokuwa tunamsomea ndipo sisi wenyewe tulipoona kitu ambacho tulikuwa tumekipita tangu chuoni. Baada ya mkono wa kwanza, Bwana aliuliza. Alimwuliza yule mtu kama anaona kitu. Naye alijibu kweli, kwamba anaona watu lakini wanafanana na miti inayotembea. Tujiulize mtu huyo angejibu nini kama angekuwa katika usharika wetu, mbele ya watu waliouza jogoo mara nne. Bila shaka angesema anaona vizuri sana, Bwana asifiwe. Na angerudi nyumbani akigongana na watu na miti maisha yake yote.

Hatusemi kwamba daktari ni Kristo wala kwamba upasuaji wa pili ni muujiza. Tunachosema ni kwamba katika habari ile mkono wa pili ulikuja kwa sababu mtu alisema ukweli kuhusu mkono wa kwanza na hakukemewa.

Ikabaki hoja ya fedha, nayo haikuwa hoja ya kijinga. Makampuni mengi hutoa waranti ya miaka kumi kwa kifaa cha ndani, na chake kilikuwa na miaka tisa, kwa hiyo kifaa chenyewe kiliweza kupatikana. Waranti hailipi nauli, malazi ya Dar es Salaam, hospitali, wala safari za miezi ya kupangwa upya kwa kifaa. Katika kikao cha baraza mama mmoja muuguzi alisimama na kusema kwamba kwa fedha hizo tungeweza kutibu watoto wangapi wanaotoka usaha masikioni, ambao nao watakuwa viziwi tusipowatibu. Anasema kweli. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba asilimia 60 ya upotevu wa usikivu kwa watoto hutokana na mambo yanayoweza kuzuilika. Hatukuwa na jibu lililomshinda, na mpaka leo hatunalo. Tulichomwambia ni kwamba hoja hiyo ilikuwa kweli pia mwaka 2014 na hakuna aliyeileta, kwa sababu mwaka ule mtoto alikuwa na habari njema. Kikao kilichanga, ingawa mbuzi hakuonekana safari hii. Na kwa shinikizo la muuguzi yule yule, kuanzia mwaka huo tunafanya siku ya kupima masikio ya watoto wa shule ya Jumapili.

Kabla ya upasuaji zilipita karibu miezi mitano, na ndani yake tukagundua kosa letu jingine. Huyu binti hakujua hata alama moja ya lugha ya alama. Wazazi walikuwa wameambiwa, kama wazazi wengi wa wakati ule, kwamba alama zitamfanya mvivu wa kusema. Kwa hiyo sauti ilipoondoka hakuwa na lugha nyingine mkononi. Kanisa letu lina shule za viziwi, Mwanga kule Upare na Njombe, nasi hatukuwahi hata kumpeleka mama yake akaone watoto wanaosali kwa mikono. Kijana mmoja kiziwi wa usharika wa jirani, fundi cherehani, alianza kumfundisha kila Jumamosi. Wiki ya tatu tulimkuta binti anacheka na wasichana wengine wawili ambao nao walikuwa wamejifunza. Hatukuwa tumemwona akicheka tangu Pasaka.

Tulisoma chuoni, na kuandika katika mitihani, kwamba imani huja kwa kusikia. Tulifundishwa pia kwamba Luther, katika mihadhara yake juu ya Waebrania, aliyaita masikio kiungo cha Mkristo. Ambalo hatukukazia ni kwamba Luther huyo huyo mwaka 1520, alipoulizwa kama bubu na viziwi wapewe Sakramenti, alikubali: ikiwa wana akili timamu na wameonyesha kwa ishara za hakika kwamba wanaitaka, wapewe. Ishara zilimtosha. Kwa hiyo wala hatukumpeleka binti kwa daktari ili apate kuamini. Tulimpeleka kwa sababu alitaka. Tulimwuliza, mara hii mbele ya wazazi wake na bila kumtajia jogoo, naye akasema anaogopa kisu lakini anataka. Angesema hataki, tulikuwa tumekwisha kukubaliana na baba yake kwamba hilo nalo litakuwa jibu.

Upasuaji ulifanyika mwanzoni mwa 2024. Mtaalamu alitueleza kwamba kwa miaka mingi mwili hujenga utando mwembamba kuuzunguka uzi wa elektrodi, kama ala inavyokizunguka kisu. Mpasuaji huandaa uzi mpya tayari, huvuta ule wa zamani, na mara moja husukuma mpya katika ala ile ile kabla njia haijajifunga. Mara nyingi huingia vizuri. Yapo masikio ambayo makovu hukatalia.

Kuhusu matokeo tulimsihi atuambie kweli, na alituambia. Wengi wanaowekewa kifaa cha pili hurudi pale walipokuwa katika siku zao nzuri, na baadhi huzidi. Wachache hubaki chini ya walipokuwa, hata upasuaji ukienda vizuri. Kwa walioharibikiwa kwa wazi matumaini ni makubwa zaidi. Kwa wale wa hitilafu iliyojificha matokeo hayatabiriki sana, ingawa wengi wao pia hupata nafuu. Kukaa muda mrefu bila kusikia katikati hakusaidii. Lakini hakuna anayeanza tena sifuri: ubongo uliokwisha kujifunza kusoma umeme hujifunza mwandiko mpya haraka kuliko mara ya kwanza.

Mwandiko mpya ndio aliokutana nao. Kifaa kilipowashwa, mama yake alisema jina lake, naye akakunja uso. Alisema mama anaongea kama bata. Mama alilia, kisha akacheka, kisha akaendelea kuongea kama bata kila siku, akimsomea kitabu cha sayansi cha darasa la saba huku amefunika mdomo kwa karatasi. Mwezi wa pili sauti ilikuwa ya mtu, lakini si ya mama. Mwezi wa nne akaja kusema, kama anayetoa taarifa ya hali ya hewa, kwamba leo ilikuwa ya mama. Ile milio ya mafuta kikaangoni haikurudi. Katika chumba kimya alama zake za kutambua maneno zilifika zilipokuwa kabla ya hitilafu, na kwa baadhi ya vipimo zikapita kidogo. Kwenye kelele hazijafika. Nyimbo za kwaya anasema ni vumbi.

Kifaa cha zamani kilirudishwa kwa watengenezaji. Jibu lilikuja baada ya muda: hawakuona kasoro. Hivyo mpaka leo hakuna karatasi popote duniani inayosema kwamba mtoto huyu alikuwa anasema kweli. Kuna yeye tu, anayesikia.

Jumapili aliyorudi kanisani wazee walitaka asimamishwe mbele, mama arudi nyuma hatua kumi kama zamani. Tulimwuliza yeye kwanza. Alikataa, akaketi na wenzake wa kipaimara, nasi tuliendelea na matangazo.

Tumejizoeza sasa kumwuliza baada ya kila ibada amesikia nini. Mwanzoni alijibu "vizuri, Baba Mchungaji," kwa adabu, na tuliona kwamba adabu hiyo tuliifundisha sisi. Ilichukua wiki nyingi. Kisha Jumapili moja, mlangoni, watu wakiwa wanapeana mikono, akasema hakusikia mahubiri hata kidogo: spika ya upande wa wanawake inavuma, na sisi tukifika kwenye jambo muhimu tunageuka kuangalia madhabahu. Bibi mmoja aliyekuwa nyuma yake akaguna kwamba na yeye hajasikia mahubiri tangu spika hiyo iletwe, alidhani ni uzee.

Fundi amekuja mara mbili. Jumapili iliyopita tulimwuliza tena binti kama imepona. Akasema bado.